Precision, Jazz, StingRay au Rickenbacker: jinsi ya kuchagua besi ya kurekodia na ya kupigia laivu

Ukitaka kununua besi gitaa moja kati ya zile za enzi zinazoheshimika, usiisikilize ikiwa peke yake. Hilo ndo la kwanza na karibu ndo la mwisho. Dukani besi iko yenyewe tu, ampu imefunguliwa, unapiga slapu zako mbili tatu (kuugonga uzi kwa dole gumba), na siku zote ile yenye trebo nyingi na mlio mnene huko chini ndo itakuteka, halafu ukifika kwenye bendi dramu zimeanza, gitaa mbili na kinanda vimejaa, hiyo hiyo besi haijulikani imeenda wapi. Na ile uliyoiona imeziba, haina mbwembwe, ndo inabeba wimbo mzima. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinafuata swali moja, besi yako itakaa wapi katikati ya vyombo vingine, halafu ndo tunakuja kwenye mikono yako na mambo ya umeme.

Nikisema za enzi simaanishi lazima iwe imetengenezwa zamani. Muundo ndo wa zamani. Precision mpya na Precision ya miaka ya 60 ni ndugu wa damu, na hata zile nafuu za Squier, chapa ya bei ya chini ya Fender wenyewe, zinafuata mchoro ule ule. Hizi stori za Fender za kabla ya 1965, kabla Leo Fender hajaiuza kampuni kwa CBS, waachie wanaokusanya magitaa. Msikilizaji wa wimbo haoni siriali namba.

Hatua ya 1: jua kazi kabla ya kujua gitaa

Chukua nyimbo chache unazopiga mara nyingi au unazotaka kupiga, sikiliza besi tu, na usihangaike na noti, sikiliza mlio. Noti ni fupi zinakatika au ni ndefu zinaburuzika? Besi unaisikia ikiongea au unaihisi tu tumboni? Kiki ya dramu inakaa wapi, ni nzito ya chini kabisa au ni ile ya kugonga gonga? Kama kiki imeshachukua sehemu ya chini yote basi unahitaji besi yenye sauti za kati, la sivyo vitu viwili vitagombania nafasi moja na hakuna atakayeshinda. Kama gitaa na kinanda vimejaa pale kati, unahitaji besi inayoacha uwazi pale.

Na fikiria wanakusikilizia wapi. Uzi wa E ukipigwa wazi unatoa karibu Hz 41, spika ya simu haiwezi hata kuusogelea huo mlio, anachosikia mtu wa simu ni harmoniki, yaani milio midogo inayopanda juu ya noti kwa mafungu ya 41 (82, 123 na kuendelea), tena zile za juu zaidi tu, ubongo wake ndo unajazia iliyobaki. Ndo maana besi yenye "besi nyingi" inaweza kupotea kabisa kwenye simu na ile yenye sauti za kati ikasikika kila noti.

Hatua ya 2: zijue tabia zao

Hapa nakaa kidogo maana ndo penyewe.

*Fender Precision.* Ilitoka 1951, ikafanyiwa marekebisho 1957 ikapata ile pikapu (sumaku yenye koili ya waya inayodaka mtetemo wa nyuzi) iliyogawanywa vipande viwili, kimoja kinasikiliza nyuzi za E na A na kingine D na G, vimefungwa kinyume kwa hiyo ule mvumo wa umeme unafutana wenyewe. Nobu mbili, volyumu na toni, basi. Sauti yake imejaa pale kati kwa upande wa chini, ina ngumi, na haihitaji kubembelezwa sana kwenye miksi, unairekodi, unaiweka, inakaa. Mafundi wengi wa studio wakimwona mpiga besi anaingia na Precision wanapumua. James Jamerson alipiga zile kazi za Motown, lebo ya soul ya Marekani, na Precision ya 1962, nyuzi nene laini (zile za flatwound, zenye uso bapa), kidole kimoja cha kulia, na habari zake zinasema nyuzi alikuwa habadilishi mpaka zikatike. Carol Kaye, mpiga besi wa studio, naye Precision ila kwa piki (kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi), mlio mwingine kabisa, gitaa lile lile. Ubaya wake ni kwamba ina sauti moja. Ni sauti nzuri sana, ila ni moja, ukitaka kuwika juu ya bendi kwa solo itabidi upambane.

*Fender Jazz.* Hii ilikuja 1960, pikapu mbili, shingo nyembamba kule juu. Watu wanasema ndo yenye uwezo mwingi na ni kweli, lakini wengi hawajui kuitumia wanaacha nobu zote wazi maisha yao yote. Iko hivi. Pikapu zote mbili zikiwa wazi kabisa, mvumo unafutika na sauti za kati zinashuka kidogo, unapata ule mlio msafi wa slapu ambao Marcus Miller na Jazz yake ya 1977 wameufanya uwe alama. Ukishusha ya nyuma (ile iliyo upande wa briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili) ukaacha ya mbele unakaribia Precision, sio yenyewe lakini unakaribia. Ukishusha ya mbele ukabaki na ile ya karibu na briji unapata mlio wa puani unaoimba, ndo Jaco Pastorius huyo, yeye alikuwa na Jazz ya 1962 iliyotolewa freti. Na upande mwingine wa dunia wa muziki kuna Aston Barrett aliyekuwa na Bob Marley, Jazz pia, mlio mzito wa mviringo hauna hata chembe ya trebo. Watu watatu, besi ya aina moja, huwezi kuwachanganya hata usingizini.

Ubaya wa Jazz ni kwamba ukishusha pikapu moja ule mvumo unarudi, maana kila moja ina koili moja tu na zinategemeana kufutana. Nyumbani hausumbui. Kwenye jukwaa lenye taa nyingi za kupunguzwa mwanga, au studio ukikaa karibu na skrini ya kompyuta, utausikia. Dawa ni kugeuka geuka mpaka upate pembe inayonyamaza, au kununua zile pikapu za Jazz zilizotengenezwa zisivume. Jambo jingine, kwenye nyingi za miaka ya 70 pikapu ya nyuma ilisogezwa karibu zaidi na briji, kwa hiyo zina ukali zaidi kuliko za miaka ya 60, na hata za kisasa zinazoiga miaka hiyo mbili zinafuata tofauti hiyo, uliza kabla hujalipa.

*Music Man StingRay.* Ya 1976, na Leo Fender mkono wake upo humo pia. Pikapu moja kubwa ya hambaka (koili mbili zinazofuta mvumo), na ndani ina priampu, ampu ndogo ya kuupa mlio nguvu, inayokula betri ya volti 9, ya kwanza kwanza ilikuwa na nobu tatu, volyumu, trebo na besi. Bernard Edwards wa Chic, Louis Johnson wa Brothers Johnson, Flea wa Red Hot Chili Peppers, wote hao walipita hapa. Mimi naiona StingRay ni ya jukwaani zaidi, inapenya, kidole kinasikika kikigusa uzi, ukumbi ukiwa na mwangwi wa ajabu bado noti zinasomeka. Studio inategemea. Kwa wimbo ambao besi ndo inaendesha, ni moto. Kwa wimbo wa taratibu wenye mwimbaji mwenye sauti laini, itataka kuongea kumzidi mwimbaji, utabaki unapunguza trebo mpaka ujiulize kwa nini hukuchukua Precision.

*Rickenbacker 4001 na 4003.* 4001 ni ya 1961, 4003 ilikuja kuirithi. Shingo na kiini cha mwili ni mti mmoja uliopita moja kwa moja, urefu wa uzi ni inchi 33 na robo badala ya 34 za Fender. Chris Squire wa Yes, Lemmy wa Motörhead, Geddy Lee wa Rush, McCartney wa Beatles baada ya Höfner. Kwenye 4001 za zamani kulikuwa na kapasita kwenye pikapu ya nyuma iliyokata sauti za chini, na huo ndo mchango mkubwa wa ule mlio wa kugongagonga vyuma. Ukipiga kwa piki kwenye roki ni raha. Ila ni besi yenye msimamo wake, haikubali kuwa kitu kingine, na mwili wake una kingo kali zinazokata mkono wa kulia. Usinunue Rickenbacker kama besi yako moja ya kufanyia kila kitu.

*Fupi fupi.* Höfner 500/1, Gibson EB-3, Fender Mustang ya 1966, hizi zina uzi wa inchi 30 hivi. Uzi ule ule, tuni ile ile, ukiufupisha kutoka 34 mpaka 30 mvutano unapungua kama asilimia 22, kwa hiyo zinakuwa laini kwa vidole, mlio unakuwa mnene na wa mviringo, ila E inaweza kulegea legea. Wengi wanadhani ni za watoto, achana nao, kwenye studio zinafanya kazi nzuri sana hasa ukiweka nyuzi laini. Höfner ina uwazi ndani, kwa hiyo jukwaani ukisimama karibu na spika kubwa inaanza kuunguruma yenyewe. Thunderbird ya Gibson ya 1963 sio fupi, ni 34, naitaja tu kwa sababu ina mlio mzuri mchafu na kichwa kizito kinachoanguka chini ukiachia mkono.

Hatua ya 3: mwili wako

Vaa mkanda, simama, piga kama dakika 20 hivi bila kukaa. Kila besi ni nzuri ukiwa umekaa kwenye kiti cha duka. Kilo tatu na nusu na kilo nne na nusu hazionekani tofauti mpaka uwe wimbo wa kumi. Achia mkono wa kushoto uone kama kichwa kinazama, kama kinazama maana yake mkono wako utakuwa unabeba gitaa badala ya kupiga gitaa, na mkanda mpana wa ngozi yenye kukwaruza unasaidia ila haumalizi tatizo.

Shingo ya Jazz kule juu ina upana wa milimita 38, Precision nyingi ziko kati ya 41 na 44. Watu wenye mikono midogo wanakimbilia Jazz moja kwa moja, sio lazima. Kinachochosha mara nyingi ni unene wa nyuma wa shingo na nyuzi zilizokaa juu sana, na hilo la pili fundi analirekebisha.

Hatua ya 4: betri au bila betri

Besi pasivu haina betri, unachomeka inalia hata baada ya miaka ishirini. Aktivu ina priampu ndani, unaweza kuongeza trebo na besi ukiwa jukwaani, na waya mrefu hauichoshi. Pasivu waya mrefu unakula ukali wa juu kidogo kidogo, kwa hiyo usitumie waya wa mita kumi kama unasimama hatua mbili kutoka kwenye ampu.

Kwenye aktivu nyingi ukiacha waya umechomekwa betri inaendelea kuliwa, hata usipopiga. Chomoa. Dalili ya betri kufa ni mlio kuanza kukwaruza kwenye noti ulizopiga kwa nguvu, watu wanaanza kulaumu ampu wakati ni betri tu.

Hatua ya 5: nyuzi kwanza, gitaa baadaye

Kabla hujaamua kwamba besi uliyonayo haifai, badilisha nyuzi. Nasema kweli, tofauti kati ya Precision yenye nyuzi mpya za kukwaruza (roundwound) na Precision hiyo hiyo yenye nyuzi laini zilizozeeka ni kubwa kuliko tofauti kati ya Precision na Jazz zenye nyuzi za aina moja. Nyuzi za kukwaruza zinawaka, zinafaa slapu, piki, roki, gospeli ya kisasa, ila ung'avu unaisha haraka. Laini zina mlio wa zamani, noti inafunguka na kufunga, hazipigi kelele kidole kikiteleza, zinafaa rege, soul, rumba ya polepole, na zinakaa miaka. Unataka noti fupi zaidi? Kata kipande cha sponji, kisukume chini ya nyuzi karibu na briji. Fender wenyewe zamani walikuwa wanaweka kitu cha namna hiyo chini ya kile kifuniko cha chuma.

Hatua ya 6: kuijaribu kabla ya kulipa

Usichomeke kwanza. Piga ikiwa kavu, sikiliza na uhisi mwili unavyotetemeka, besi isiyo na uhai ikiwa kavu mara chache inafufuliwa na ampu. Pita freti zote nyuzi zote, polepole, usiwe na haraka hata muuzaji akikuangalia vibaya. Besi za mtindo wa Fender mara nyingi zina sehemu iliyokufa kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7, noti inapigwa inazimika haraka kuliko jirani zake, kidogo ni kawaida, ikizidi achana nayo maana hiyo fundi haitibu kirahisi.

Linganisha harmoniki ya freti ya 12 na noti yenyewe ya freti ya 12 kwenye tuna, zikitofautiana inarekebishika kwenye briji, uliza tu kama skrubu zinazunguka. Angalia shingo kwa kuitazama kutokea kwenye mwili kama unalenga shabaha, ikijikunja kama upinde hiyo ni fimbo ya chuma ya ndani kurekebishwa, ikijisokota upande mmoja juu na mwingine chini, rudisha gitaa ukutani.

Ndo sasa chomeka. Ampu weka nobu zote katikati, volyumu ya besi juu kabisa, toni juu, halafu shusha toni taratibu, zungusha kila nobu usikilize mikwaruzo. Halafu fanya kile ambacho wengi hawafanyi, cheza wimbo kwenye simu yako wenye dramu na vyombo vingine, sauti kubwa kiasi, na upige juu yake. Rekodi kwa simu nyingine ukiweza. Ile besi iliyokuwa namba mbili ikiwa peke yake mara nyingi inapanda namba moja hapa.

Kwa zilizotumika, muulize aliyenayo kama pikapu ni zile za mwanzo. Kubadilishwa sio dhambi, ila bei ishuke.

Hatua ya 7: ikiwa kazi kubwa ni studio

Ingiza moja kwa moja kupitia DI boksi (kisanduku kinachopeleka mlio wa besi kwenye mikisa bila kupita ampu) au tundu la gitaa la intafesi, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na kama besi ni pasivu hakikisha ni tundu la gitaa kweli na sio la laini, ukikosea hapo mlio unakonda na kufifia na utalaumu pikapu. Hata kama unapenda ampu yako, rekodi na ile kavu pembeni kwenye traki yake, fundi atakushukuru. Nyuzi mpya zifunge siku moja kabla, zikae, zivutike, la sivyo utakuwa unatuni kila baada ya teki. Kata sauti za chini ya Hz 30 au 35, huko hakuna noti ya besi ya nyuzi nne, kuna tetemeko la mikono na nguvu za bure zinazokula nafasi. Ya nyuzi tano ni habari nyingine, B yake iko karibu 31, hapo kata kwa uangalifu.

Kwa chaguo la gitaa, studio inaanza na Precision. Ukiwa na nafasi ya pili, Jazz. Ya tatu fupi yenye nyuzi laini. Hivyo tu.

Hatua ya 8: ikiwa kazi kubwa ni laivu

Laivu inataka vitu vingine, uzito mdogo, mvumo usiwepo, na noti zisomeke kwenye ukumbi mbaya, na kumbi nyingi ni mbaya. Ukumbi ukiunguruma chini usiongeze besi, punguza, na ongeza sauti za kati, hata kama pale ulipo jukwaani unaona mlio umekuwa mkavu, watu wa mbele wanakusikia vizuri kuliko unavyojisikia wewe. Hapa Jazz inakuokoa kwa kuongeza kidogo ile pikapu ya nyuma, na StingRay inakuokoa bila kufanya chochote. Precision nayo inafanya kazi laivu vizuri sana, ila fungua toni, usiipeleke imezibwa kama ulivyoirekodi.

Saundimeni mpe mlio kabla ya ikwalaiza ya ampu yako kama DI ina kitufe hicho, ili ukichezea ampu wimbo wa tatu usimharibie miksi. Betri mpya kama ni aktivu, waya wa akiba, na seti ya nyuzi kwenye begi hata kama hujawahi kukata uzi.

Unanunua moja tu kwa vyote viwili?

Kama unapiga na bendi moja ya mtindo mmoja, chukua Precision, usifikirie sana. Kama leo unaitwa kanisani, kesho harusi, keshokutwa kurekodi tangazo, chukua Jazz na ujifunze nobu zake. Zile Precision zilizoongezewa pikapu ya Jazz kule nyuma zinavutia kwenye karatasi, na zinafaa, ila ujue ukifungua zote mbili ile ngumi ya Precision inapungua, kwa hiyo wengi wanaishia kupiga na ya mbele tu, na ya nyuma wanaipandisha robo pale wimbo unapohitaji makali.

Na ukikwama kati ya mbili, rekodi mstari mmoja kwa kila besi, nyuzi za aina moja kama inawezekana, ziweke kwenye wimbo huo huo kwa sauti sawa sawa, kisha mpe mtu asiyepiga besi asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Sauti zikiwa hazilingani atachagua yenye sauti kubwa, kwa hiyo pima kwa mita usipime kwa sikio. Akisema hasikii tofauti, chukua ile nyepesi.